Soko la Kisiwani Katikati ya Mto Panj

Kila mmoja wetu anajua soko la kwao. Wengine wamezoea soko la Kasindi, pale watu wa Kongo na watu wa Uganda wanapokutana chini ya milima ya Ruwenzori. Wengine huvuka mto Rusizi na kikapu kichwani, kwenda kuuza ng'ambo na kununua ng'ambo. Mpaka tunaujua, na walinzi wake tunawajua.

Leo twende mbali sana, mpaka katikati ya Asia. Huko liko soko ambalo si la nchi hii wala si la nchi ile. Limewekwa kisiwani, katikati ya mto, na mto huo ndio mpaka. Siku yake ni moja tu kwa juma, nayo ni Jumamosi, siku ya posho kama walivyozoea kuiita wazee wetu. Tena ziko Jumamosi nyingi, hata miaka mizima, ambazo halikuwapo kabisa. Kwa nini? Ndiyo habari tunayotaka kuwapa.

Soko hilo ni la Ishkashim. Kaskazini ya mto ni nchi ya Tajikistani, kusini ni Afganistani, na mto wenyewe huitwa Panj. Kila upande una mji wake mdogo, na miji yote miwili ina jina moja: Ishkashim hapa na Ishkashim pale, kama mapacha waliolazwa vitanda viwili.

Paa la dunia

Ninyi wanafunzi, fungueni ramani ya Asia. Tafuteni mahali zinapokaribiana nchi nne: Tajikistani, Afganistani, China na Pakistani. Hapo mtaona milima ya Pamir. Wenyeji wameiita tangu zamani "Bam-i-Dunya", maana yake Paa la Dunia, wala hawakutia chumvi. Kilele cha Margherita katika Ruwenzori yetu kina mita 5,109. Lakini kilele cha Ismoil Somoni katika Pamir kina mita 7,495. Kusini ya Ishkashim, upande wa Afganistani, unainuka mlima Noshaq, wenye mita 7,492, ulio mrefu kupita yote ya nchi ile. Mji wenyewe wa Ishkashim uko kwenye yapata mita 2,500, yaani mita elfu moja juu kuliko Bukavu.

Sehemu hiyo ya Tajikistani huitwa Badakhshan ya Milimani. Ni karibu nusu ya nchi nzima kwa eneo, lakini wakaaji wake hawafiki hata robo milioni. Sababu yake yaonekana upesi. Udongo wa kulima ni haba mno: kipande hapa kando ya mto, kipande pale kwenye mlango wa bonde, na palipobaki ni mawe na theluji. Mvua ni chache. Watu huchimba mifereji ili maji ya theluji yafike mashambani. Hulima ngano, shayiri, viazi na kunde. Hupanda miforosadi, hukausha matunda yake juani, na mengine huyasaga yawe unga wa kuliwa wakati wa baridi. Huko juu milimani anaishi kondoo wa mwitu ambaye pembe zake zilizoviringika zaweza kupita mita moja na nusu kwa urefu. Msafiri Marco Polo, aliyepita nchi hizo katika karne ya 13, aliandika habari za kondoo huyo, na mpaka leo anaitwa kwa jina lake.

Kutoka Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistani, mpaka Khorog, mji mkubwa wa Badakhshan, gari huenda mchana kutwa, na pengine usiku hulikuta lingali njiani. Mgeni wa nchi nyingine hana budi kuwa na kibali cha pekee cha kuingia huko, zaidi ya pasipoti yake. Kutoka Khorog kwenda Ishkashim ni kama kilomita 100, na njia yote hufuata mto. Mto ukiwa mwembamba, msafiri aliye ndani ya gari huona ng'ambo kijiji cha Afganistani waziwazi: mama anachota maji, mtoto anaswaga punda juu ya kijia kilichochongwa ubavuni mwa mwamba. Ni karibu, hata mtu akipaza sauti atasikiwa. Lakini daraja haliko, na kuvuka bila ruhusa ni kosa.

Mto uliokuwa njia ukawa ukuta

Zamani mto Panj haukuwa mpaka. Watawala wadogo wa mabonde hayo, walioitwa mir, walishika kingo zote mbili. Mtu alioa ng'ambo, akalima hapa, akachunga kule. Lugha za Kiwakhi na Kiishkashimi zilisemwa pande zote mbili, na hata leo ni vivyo hivyo.

Kisha wakaja wakubwa wa mbali. Katika karne ya 19 Warusi walikuwa wakishuka kutoka kaskazini, na Waingereza, waliotawala India, walikuwa wakipanda kutoka kusini. Kila mmoja alimwogopa mwenzake. Mwaka 1873 wakapatana kwamba mto uwe mwisho wa nchi ya mfalme wa Afganistani. Na mwaka 1895 tume yao ikamaliza kupima mpaka katika Pamir. Afganistani ikapewa bonde la Wakhan, mkanda mrefu na mwembamba, ili himaya ya Warusi na himaya ya Waingereza zisigusane. Wenye mabonde hawakuulizwa neno. Sisi watu wa Kivu tunajua maana yake: mwaka 1910 mipaka ya kwetu nayo ilikatwa hivyo na Wabelgiji, Wadachi na Waingereza, kwa mkataba uliofanywa huko Brussels. Wanande wakajikuta Kongo, na ndugu zao Wakonjo wakajikuta Uganda.

Hata hivyo, mwanzoni mstari ulikuwa wa karatasi, na watu waliendelea kuvuka. Mambo yaligeuka baada ya Warusi kupata serikali ya Kikomunisti. Katika miaka ya 1930 mpaka ulifungwa kabisa. Tangu hapo kingo mbili za mto mmoja zikafuata njia mbili. Upande wa kaskazini zikajengwa shule, hospitali, barabara na nyaya za umeme, na karibu kila mtu akajua kusoma; lakini hakuwa na ruhusa ya kwenda kumtazama shangazi yake ng'ambo. Upande wa kusini watu walibaki na vijia vyao vya punda, taa za mafuta na shule chache. Ndugu na ndugu wakawa wa kuonana kwa macho tu, mto ukipita katikati.

Hata maandishi yakatengana. Kitajiki na Kidari ni lugha moja, Kiajemi. Msemaji wa huku humwelewa msemaji wa kule. Lakini kaskazini huandika kwa herufi za Kirusi, na kusini kwa herufi za Kiarabu. Basi binamu wawili wakikutana watazungumza mpaka jioni, ila mmoja akimwandikia mwenzake barua, mwenzake hawezi kuisoma.

Daraja

Tajikistani ilipata uhuru mwaka 1991, na mwaka uliofuata ikaangukia vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyodumu mpaka mwaka 1997. Barabara ya Badakhshan ikakatika, chakula kikaisha. Wenyeji wengi wa Pamir ni Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, wanaomfuata Aga Khan. Jina hilo si geni kwetu, kwa kuwa wafanya biashara wa Kiismailia wanajulikana Nairobi, Dar es Salaam, Bujumbura, na hata huku mashariki ya Kongo. Aga Khan wa nne, aliyeishi Nairobi alipokuwa mtoto, alituma chakula kwa malori katika njia ndefu ya milimani kutoka mji wa Osh, na hivyo watu wakaokoka njaa. Alifariki mwezi wa Februari 2025 huko Lisbon, na mwanawe Rahim ameshika mahali pake.

Vita vilipokwisha, taasisi zake pamoja na serikali mbili zilianza kujenga madaraja juu ya Panj. La kwanza lilifunguliwa Khorog mwaka 2002. La Ishkashim lilifunguliwa mwaka 2006. Kando ya madaraja hayo yakawekwa masoko ya mpakani. Shauri lake lilikuwa jepesi na la akili: kwa kuwa watu wa kawaida hawana pasipoti wala fedha za kulipia viza, basi pawepo mahali katikati ambapo pande zote mbili zaweza kuingia kwa saa chache, kisha kila mmoja arudi kwao.

Jumamosi asubuhi

Sasa tutazame soko la Ishkashim lilivyokuwa katika miaka ile, kabla ya mwaka 2020.

Jumamosi asubuhi magari madogo yalitoka mjini yakafuata mto kilomita chache mpaka darajani. Hapo palikuwa na lango na askari. Mgeni alitoa pasipoti yake, nayo ikabaki mikononi mwa askari mpaka atakaporudi. Bila hiyo hawezi kwenda popote, wala hawezi kupotea upande wa pili. Kisha akavuka kipande cha kwanza cha daraja, akafika kisiwani. Kutoka kusini Waafgani walivuka kipande chao, nao wakakaguliwa vile vile.

Angalieni jambo moja la ajabu. Saa za Afganistani ziko nyuma ya saa za Tajikistani kwa nusu saa. Kwa hiyo katika soko lile moja, muuzaji na mnunuzi, kila mmoja akitazama saa yake mkononi, hawakubaliani ni saa ngapi! Lakini hilo halikumzuia mtu kununua.

Ndani palikuwa na uwanja wenye ukuta, na bidhaa zilitandazwa juu ya meza na juu ya ardhi. Waafgani walileta vitambaa, viatu, nguo, sabuni, vyombo vya nyumbani, viungo, chai, zabibu kavu na lozi. Vitu vingi vilitoka Pakistani, Irani na China, vikapanda milima kwa malori na kwa wanyama. Walileta pia kofia zao za sufu, zile za mviringo zinazokunjwa ukingoni, ziitwazo pakol, ambazo kila mgeni alitaka kuzijaribu kichwani. Watu wa upande wa Tajikistani walileta mazao yao na vitu vya viwandani. Fedha zilichanganyika: somoni ya Tajikistani, afgani ya Afganistani, na dola.

Na sauti zake? Mswahili angesikia maneno mawili matatu asiyohitaji kutafsiriwa. Chai yao huitwa "choy", na rangi huitwa "rang". Hayo si ajabu, maana Kiswahili kilikopa maneno mengi ya Kiajemi katika bahari, karne nyingi zilizopita. Neno moja tu angelazimika kujifunza: "chand", yaani "kiasi gani". Baada ya neno hilo mengine ni kama kwetu: mnunuzi anatikisa kichwa, anajifanya kuondoka, anaitwa tena, anarudi.

Lakini mwenye kutazama vizuri aliona kwamba si wote waliokuja kununua. Palikuwa na wazee waliosimama pembeni, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini, wakishikana mikono kwa muda mrefu, wala hapana bidhaa kati yao. Palikuwa na mtu aliyeleta mkate na jozi kutoka nyumbani, akampa jamaa yake bila kutaja bei. Walizungumza habari za ndoa, za wagonjwa, za waliozaliwa na waliokufa. Saa zilipokwisha, askari walitangaza, watu wakafunga mizigo, na kila mmoja akarudi kwa daraja lake. Mpaka Jumamosi ijayo.

Ndiyo maana tunasema kwamba soko lile lilikuwa na mizani mbili. Moja ilipima ngano na sabuni. Nyingine ilipima kitu kisichouzwa.

Kwa nini walinzi ni wakali?

Tusiwahukumu askari kwa haraka. Mpaka wa Tajikistani na Afganistani una urefu wa kilomita zaidi ya 1,300, nao kwa miaka mingi ulikuwa njia kubwa ya kupitishia kasumba na heroini kwenda Urusi na Ulaya. Wenye biashara hiyo wana silaha, na askari wengi wamekufa kwa mikono yao. Tena serikali ya Tajikistani, iliyokwisha kuonja vita vya nyumbani, inaogopa vita vya jirani visivuke mto.

Basi kila palipokuwa na mashaka, jambo la kwanza lilikuwa kufunga soko. Mwaka 2012, mapigano yalipotokea Khorog, mpaka ulifungwa. Baadaye, vita vilipokaribia upande wa Afganistani, Jumamosi nyingi zilipita bila soko. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na masoko yote ya mpakani yakafungwa. Kabla ugonjwa haujaisha, mwezi wa Julai 2021 Wataliban wakateka wilaya za Badakhshan ya Afganistani, Ishkashim ikiwa mojawapo. Siku moja ya mwezi huo askari wa Afganistani zaidi ya elfu moja walivuka mpaka wakikimbilia Tajikistani. Tarehe 15 Agosti Kabul ikaanguka. Mto ukawa ukuta tena.

Mwaka 2023 masoko ya mpakani katika Badakhshan yakaanza kufunguliwa tena, kwa ulinzi mkali. Lakini mwenye kutaka kwenda hutanguliza swali: "Je, Jumamosi hii lipo?"

Hasara yake nani?

Fikirini hasara ya mlango kama ule ukifungwa. Mfanya biashara mkubwa hapati taabu; malori yake yana njia nyingine. Anayeumia ni mkulima mwenye gunia moja la viazi, na mama mwenye soksi za sufu alizofuma wakati wa baridi, ambaye hana soko jingine karibu. Anayeumia ni maskini anayelazimika kununua unga uliopandishwa milimani kwa njia ndefu na kwa bei ya njia ndefu. Na anayeumia zaidi ni mzee ambaye dada yake yuko ng'ambo. Moshi wa jiko la dada yake anauona kila asubuhi, lakini hajui kama ni dada yake mwenyewe aliyewasha moto, au ni watoto wake tu waliobaki.

Hata hivyo si kila uzi uliokatika. Tangu mwaka 2008 umeme unaofanywa kwa maji katika Badakhshan ya Tajikistani ulianza kuvushwa mto Panj kwa nyaya, kuangaza vijiji vya Afganistani. Watu waliozoea kutazama usiku taa za ng'ambo, wakiwa wenyewe gizani, wakapata taa zao. Waya haubebi pasipoti.

Wasomaji wapenzi, tumesafiri mbali, turudi nyumbani. Hakuna mto ambao wenyewe hutenga watu. Maji ya Panj, kama ya Rusizi na ya Semliki, huwanywesha walio kingo zote mbili. Wanaotenga ni watu, na mara nyingi ni watu wasiokaa pale. Lakini wanaounganisha nao ni watu: fundi aliyejenga daraja, askari aliyefungua lango kwa saa zilizoagizwa bila kumnyang'anya mtu kitu, mchuuzi aliyepunguza bei kwa sababu mnunuzi ni mtoto wa binamu yake.

Juma hili mtakapokwenda sokoni, pengine mtasimama kwenye foleni ya mpakani, jua likiwachoma, kikapu kikiwa kizito, na askari akitazama karatasi zenu polepole. Mtanung'unika, nasi hatuwalaumu. Lakini kumbukeni wale wa Ishkashim, walio na Jumamosi moja kwa juma, na pengine hawanayo. Kisha mkishavuka, kabla ya kuuliza bei, waulizeni kwanza wa ng'ambo habari za nyumbani kwao.